Sarufi ya "Bado": Lugha ya Kungoja na Imani katika Wakati wa Mungu miongoni mwa Wakristo Wazungumzaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyobeba dhana ya Kikristo ya kuungoja wakati wa Mungu. Yanaangalia mambo matatu: msamiati wa kungoja, kiambishi -ja- cha ukanushi, na kauli ya kutendesha katika kitenzi *kungojesha*. Data imetokana na matumizi ya kawaida ya lugha, methali, na tafsiri ya Biblia ya Union Version iliyokamilika mwaka 1952. Hoja kuu ni kwamba kungoja kwa imani kuko karibu zaidi na kulinda kuliko kukaa bure, na kwamba thamani ya kungoja huko haitegemei kupatikana kwa kitu kinachongojewa. Makala yanaonya pia dhidi ya kutumia maneno "wakati wa Mungu" kuwanyamazisha watu waliocheleweshwa na wanadamu wenzao.

1.0 Utangulizi

Nilipokuwa katika mwaka wa nne wa ndoa yangu bila mtoto, ssenga wangu, yaani shangazi upande wa baba, alikuja kunitembelea. Katika mila za Baganda ssenga ndiye mwenye haki ya kuuliza maswali ambayo mama mzazi hayaulizi. Wengi kanisani walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba wakati wa Mungu ndio wakati sahihi, kisha wakaenda zao. Ssenga hakusema hivyo. Alikaa kwangu siku tatu, akapika, akaniuliza maswali yake, na alipoaga alisema maneno matatu tu ya Kiganda: "Linda, mwana wange." Maana yake ni "Ngoja, mwanangu." Lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na sikio langu lilisikia jambo jingine: "Linda, mwanangu."

Makala haya yamechipuka kutokana na sikio hilo lililosikia lugha mbili kwa wakati mmoja. Swali linalonishughulisha ni hili: Mkristo anayezungumza Kiswahili anaposema kwamba anaungoja wakati wa Mungu, lugha yake inamruhusu kusema nini hasa, na inamzuia kusema nini? Swali hili si la wanaisimu peke yao. Mahubiri, sala za jumuiya, salamu za rambirambi na ushauri wa ndoa katika eneo letu hutegemea sana msamiati wa subira. Neno likitumiwa vizuri humshika mtu asianguke. Likitumiwa vibaya humwongezea mzigo yule ambaye tayari amelemewa.

Ni vyema kutoa tahadhari moja mapema. Mwaka 1961 James Barr alikosoa vikali tabia ya kujenga teolojia juu ya asili ya maneno, kana kwamba etimolojia peke yake inaweza kuthibitisha mafundisho. Ukosoaji huo una nguvu hadi leo. Kwa hiyo sidai kwamba sarufi ya Kiswahili inathibitisha jambo lolote kumhusu Mungu. Ninadai tu kwamba lugha inaweza kutuwekea mbele ya macho uwezekano ambao mazoea yametufanya tusiuone.

2.0 Msamiati wa Kungoja

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vinavyokaribiana kimaana katika uwanja huu. *Kungoja* ni kitenzi cha Kibantu, nacho ndicho chepesi kuliko vyote: mtu hungoja basi, hungoja chai ichemke, hungoja mgeni. *Kusubiri* kimetokana na Kiarabu, pamoja na nomino zake *subira* na *saburi*, na kilikuwa na uzito wa kidini miongoni mwa Waswahili wa pwani muda mrefu kabla ya wamisionari kuanza kutafsiri Biblia katika karne ya 19. Wakristo walilirithi neno hili likiwa tayari limekomaa katika vinywa vya jirani zao Waislamu. *Kuvumilia* hutaja ule uwezo wa kubeba maumivu bila kuvunjika. *Kutumaini* huhusishwa na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya utulivu wa moyo.

Watafsiri wa Union Version waliyagawa maneno haya kwa uangalifu. Katika Warumi 5:3–4 dhiki huzaa saburi, saburi huzaa uthabiti wa moyo, na uthabiti huo huzaa tumaini. Saburi hapa ni kiungo cha kati katika mnyororo, wala si mahali pa kukomea. Katika Zaburi na Isaya, kitenzi kinachojirudia ni *kungoja*: mwanadamu humngoja Bwana. Inafaa kuzingatia shamirisho ya kitenzi hicho. Anayengojewa ni nafsi, si kitu. Hata pale ambapo mwombaji ana haja yake mahususi, sarufi ya zaburi humweka Mungu mwenyewe katika nafasi ya kinachongojewa.

Methali zetu nazo hazisemi kwa sauti moja. *Subira huvuta heri* na *mvumilivu hula mbivu* zinajulikana na kila mtoto wa shule. Hata hivyo, lugha hiyohiyo inasema *ngojangoja huumiza matumbo*, na *chelewa chelewa utamkuta mwana si wako*. Wahenga hawakuona kwamba kila kungoja ni hekima. Waliacha methali za pande zote mbili, wakamwachia msemaji kazi ya kupambanua hali iliyo mbele yake. Mimbari nyingi zimezichukua methali za upande mmoja na kuziacha za upande wa pili.

Sasa turudi kwenye neno la ssenga. Katika Kiswahili *kulinda* ni kutunza kitu kisiharibiwe. Katika Kiganda *okulinda* ni kungoja. Katika Kirundi na Kinyarwanda mzizi huohuo hutoa *kurinda*, yaani kulinda, na ukiongezewa kiambishi cha kutendea hutoa *kurindira*, yaani kungoja. Hapa hatukabiliwi na mfanano wa bahati. Ni mzizi mmoja wa Kibantu uliobeba maana zote mbili, na lugha za eneo letu zikagawana urithi huo. Mkulima wa mpunga anaelewa uhusiano huo bila kufundishwa. Mbegu ikishaota hawezi kuiharakisha. Lakini hakai nyumbani. Huenda shambani alfajiri kulinda ndege. Kungoja kwake na kulinda kwake ni kazi moja.

Mfano huu haupingani na Biblia. Waraka wa Yakobo 5:7 unamtaja mkulima kuwa kielelezo cha mwenye kungoja, akitazamia mvua ya kwanza na ya mwisho. Zaburi ya 130 inailinganisha nafsi inayomngoja Bwana na walinzi wanaoingoja asubuhi. Naye Habakuki, kabla ya kuambiwa kwamba maono yakikawia ayangojee, alikuwa amekwisha kupanda kwenye zamu yake juu ya mnara (Habakuki 2:1–3). Mlinzi hawezi kulileta jua. Lakini mlinzi aliyelala hakungoja. Amepitisha usiku tu.

3.0 Kiambishi -ja- na Mlango Ulioachwa Wazi

Kiswahili kina njeo ambayo lugha nyingi hazina. Tukitaka kukanusha tendo, hatuna budi kuchagua. *Sikupata* hufunga jambo katika wakati uliopita. *Sipati* huzungumzia hali iliyopo au mazoea. *Sijapata* husema kwamba tendo halijatukia hadi sasa, huku nafasi ya kutukia kwake ikibaki wazi. Tukiulizwa kama babu mgonjwa amefariki, jibu *hajafariki* na jibu *hakufariki* hayalingani. La kwanza linakubali kwamba siku hiyo ipo mbele. La pili linakanusha habari na kuifunga. Kiganda nacho kina umbo la namna hiyo: *sinnazaala* ni "sijazaa", wala si "sikuzaa".

Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili hulazimika kutangaza msimamo wake kuhusu kesho kila anapokanusha. Mwanamke anayeulizwa habari za watoto na kujibu *sijapata* ametamka ungamo dogo la tumaini, hata kama hakukusudia. Umbo lenyewe limeubeba *bado* ndani yake. Katika Injili ya Yohana 2:4 Yesu anasema kwamba saa yake haijawadia. Kwa umbo hilo la -ja- msomaji wa Kiswahili anajulishwa, tangu harusi ya Kana, kwamba saa hiyo ipo na inakuja.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika Waebrania 11. Sura hiyo inaorodhesha watu wa imani, akiwamo Abrahamu. Yeye alitoka Harani akiwa na miaka 75 na akampata Isaka akiwa na miaka 100 (Mwanzo 12:4, 21:5), yaani alingoja miaka 25. Katikati ya muda huo alijaribu kuukamilisha wakati wa Mungu kwa njia yake mwenyewe, na aliyelipa gharama ya haraka hiyo ni Hajiri, mtumwa aliyefukuzwa pamoja na mwanawe. Katika aya ya 13 watafsiri wa Union Version wanasema kwamba watu hao walikufa wakiwa *wasijazipata* ahadi. Kiambishi -ja- kimewekwa kwa watu waliokwisha kufa. Kwa kanuni za kawaida, kifo hufunga mlango: tungetarajia umbo la -ku-. Na kweli, katika aya ya 39 umbo hilo linatokea: *hawakuipata*. Ndani ya sura moja wafu haohao wanatajwa kwa njia zote mbili. Kwa hesabu ya maisha yao, hawakupata. Kwa hesabu ya Mungu, ambayo aya ya 40 inaieleza kwa kuwaunganisha na vizazi vya baadaye, walikuwa hawajapata.

Hapa ndipo tofauti kati ya kutumaini na kukisia inapodhihirika. Anayekisia husema *sijapata* kwa sababu dalili zinaonyesha kwamba atapata. Anayetumaini anaweza kufika mahali ambapo uaminifu unamdai aseme *sikupata*, na bado akaendelea kumngoja Mungu, kwa kuwa aliyekuwa akimngoja tangu mwanzo hakuwa kitu.

4.0 Wakati wa Nani?

John Mbiti, mwanateolojia kutoka Kenya aliyefundisha Makerere, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, *sasa* na *zamani*, kuelezea mtazamo wa Kiafrika kuhusu wakati katika kitabu chake cha mwaka 1969. Alidai kwamba katika mtazamo huo wakati ujao ni mfupi sana, usiozidi takribani miaka miwili, kwa kuwa jambo ambalo halijatendeka halijawa wakati. Kama dai hilo ni kweli, Mkristo wa Kiafrika angewezaje kungoja miaka 25? Wanafalsafa kama Kwame Gyekye walilipinga kwa ushahidi wa lugha ya Kiakan. Kwa upande wa Kiswahili, inatosha kutazama kiambishi cha wakati ujao. Wanaisimu wanakubaliana kwamba -ta- kimetokana na kitenzi *kutaka*, na masalia yake yanaonekana wazi katika umbo la urejeshi: *atakayekuja*. Wakati ujao wa Kiswahili ulijengwa juu ya nia ya mtendaji, na nia haina kikomo cha miaka miwili.

Wahubiri wengi hueleza wakati wa Mungu kwa kutofautisha maneno mawili ya Kigiriki, *kronosi* na *kairosi*: la kwanza likiwa wakati wa saa na kalenda, la pili wakati wa Mungu. Barr huyohuyo, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu maneno ya wakati katika Biblia, alionyesha kwamba mpaka huo hauko imara kama inavyodaiwa. Katika Matendo 1:7 maneno yote mawili yametajwa pamoja, nayo Union Version imeyatafsiri kuwa *nyakati* na *majira*. Yote mawili yamewekwa katika mamlaka ya Baba, na yote mawili yamefichwa kwa wanafunzi. Jambo linaloshangaza ni kwamba aya hiyo, inayokataza kudai ujuzi wa ratiba ya Mungu, haizuii utendaji. Aya inayofuata inawapa wanafunzi kazi ya ushahidi.

Kisa kinachoonyesha hatari ya kudai ujuzi huo kimo katika Yeremia 28 na 29. Hanania alitangaza kwamba vyombo vya hekalu na watu waliohamishwa wangerudi kutoka Babeli ndani ya miaka miwili. Ulikuwa ujumbe mtamu, wenye tarehe. Yeremia alisema 70. Kisha aliwaandikia wahamishwa barua: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wautafute ustawi wa mji waliopelekwa. Aya ya 11 ya barua hiyo, inayosema juu ya mawazo mema ya Mungu kwa watu wake, hubandikwa ukutani katika nyumba nyingi za Wakristo wa Afrika Mashariki. Aya ya 10, yenye miaka 70, haibandikwi. Watu wazima wengi walioisomewa barua ile wasingeishi kuuona mwisho wake. Agizo la kupanda bustani liliwahusu hata hao.

Yeremia mwenyewe alitenda kama alivyofundisha. Yerusalemu ikiwa imezingirwa, naye akiwa amefungwa katika uwanja wa walinzi, alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akaagiza hati zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi (Yeremia 32). Ile hati ndani ya chungu ndiyo maana halisi ya kungoja kwa kulinda. Hakuharakisha siku ya kurudi, wala hakuacha kuitunza haki itakayohitajika siku hiyo.

5.0 Kungoja na Kungojeshwa

Mofolojia ya Kiswahili inatupa upambanuzi mwingine unaosahaulika. *Kungoja* ni tendo la mtu mwenyewe. *Kungojesha* ni kumfanya mwingine angoje, na *kungojeshwa* ni kufanyiwa hivyo. Mjane anayezungushwa kuhusu kiwanja cha marehemu mumewe hangoji tu, anangojeshwa. Mfanyakazi asiyelipwa mshahara miezi mitano anangojeshwa. Mke anayepigwa na kushauriwa avumilie mpaka Mungu ambadilishe mumewe anangojeshwa, na safari hii wanaomngojesha ni pamoja na washauri wake. Mgonjwa anayeambiwa aache dawa ili aungoje uponyaji ananyang'anywa riziki ambayo Mungu amekwisha kuitoa.

Katika hali hizi, kusema "wakati wa Mungu bado" ni kumbebesha Mungu ucheleweshaji uliofanywa na mwanadamu. Mfano wa mjane na kadhi katika Luka 18:1–8 unaliweka jambo hili wazi. Mjane yule hakuambiwa kwamba kuchelewa kwa hukumu ni mpango wa Mungu. Aliyechelewesha anatajwa: ni kadhi dhalimu. Mjane aliendelea kumwendea mpaka akachoka yule kadhi, si yeye. Na Yesu alitoa mfano huo kufundisha sala isiyokata tamaa. Kumbe mtu anaweza kumngoja Mungu huku akibisha mlango wa ofisi kila siku, na kubisha huko kusihesabiwe kuwa upungufu wa imani.

Napendekeza maswali mawili kwa anayetaka kumwambia mwenzake angoje. Kwanza, je, kuna mtu ninayemjua ambaye angeweza kukomesha kungoja huku kesho asubuhi? Akiwapo, wa kuambiwa neno ni yeye. Pili, je, niko tayari kukaa na huyu anayengoja? Wanyarwanda humwambia mfiwa *mwihangane*, yaani vumilieni, lakini husema hivyo wakiwa wameketi naye msibani. Maneno yaleyale yanayotamkwa na mtu aliyesimama mlangoni akiangalia saa yana maana nyingine kabisa. Isimujamii imetufundisha kwamba maana ya tamko hutegemea nani anamwambia nani, na kwa gharama gani.

6.0 Hitimisho

Katika ibada zetu, ushuhuda una sarufi yake. Husimuliwa kwa -li- na -me-: niliomba, nikangoja, nimepata. Ni ushuhuda wa haki, na kanisa lina sababu ya kuushangilia. Lakini sijawahi kumsikia mtu akiitwa mbele kutoa ushuhuda kwa -ja-: niliomba, sijapata, na bado ninaomba. Mtu huyo hubaki kwenye benchi lake, akidhani kwamba zamu yake ya kushuhudia itafika akishapata. Makala haya yanapendekeza kwamba viongozi wa ibada wampe nafasi. Waebrania 11 ilimpa.

Mimi na mume wangu tulingoja miaka 11. Daktari aliposema neno lake la mwisho, nilijikuta darasani nikishindwa kufundisha somo la ukanushi, kwa kuwa mifano yote ilinijia kwa kiambishi kimoja. Siku hizi nikiulizwa husema *sikupata*. Mara ya kwanza nilipolitamka umbo hilo mbele ya ssenga, nilitarajia anisahihishe, kama wengine walivyofanya kwa kunihesabia umri wa Sara. Hakunisahihisha. Alinyamaza kidogo, akanishika mkono, akarudia neno lake lilelile la Kiganda.

Sikumwuliza alikusudia maana ipi kati ya mbili. Kwa upande wa mtoto, hakuna tena cha kungoja. Kwa upande wa imani, ndoa, wanafunzi wangu na watoto wa dada yangu waliojaa nyumbani kila likizo, kipo cha kulinda. Anayelinda zamu yake mpaka asubuhi hakupoteza usiku, hata kama mgeni aliyemtazamia hakupita njia ile.